Dondoo muhimu: Chuo cha umma nje ya jimbo lako, Marekani

Karo ya mgeni wa jimbo huwa juu sana kuliko ya mwenyeji, hivyo panga fedha kabla ya kuchagua chuo.

1. Jaza mapema FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo wa shirikisho. Ni bure, usimlipe mtu.
2. Ruzuku ya Pell, ya serikali ya shirikisho, huvuka mpaka wa jimbo. Ya jimbo lako kwa kawaida haivuki.
3. Unatoka jimbo la magharibi? Uliza kuhusu WUE, mpango wa nafuu ya karo kati ya majimbo ya magharibi: karo haizidi asilimia 150 ya ile ya mwenyeji, ila si kila kozi imo.
4. Usihamie jimbo la chuo ukitarajia karo ya mwenyeji papo hapo: majimbo mengi hudai ukaazi wa miezi 12, na kuhudhuria masomo tu mara nyingi hakutoshi.
5. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) hapati fedha za shirikisho. Akiulize chuo chenyewe kuhusu ufadhili.