Mdogo wangu, funua majani kwanza

Mdogo wangu wa Mweiga, barua yako nimeipata, na usidhani uko peke yako. Kila jua la Januari na Februari likianza kukausha upande wa Kieni, maswali huwa ni haya haya: liki zilikuwa zinapendeza, sasa majani yamepauka, yana michirizi ya rangi ya fedha na vidoa vyeusi. Jirani ameshakwambia ukimbie agroveti. Ngoja kidogo kabla hujafungua kibeti.

Nenda bustanini asubuhi, chagua liki moja, utenganishe majani ya katikati pale yanapoungana na shina. Weka karatasi nyeupe chini, ukung'ute. Utaona vijidudu vyembamba vya manjano au kahawia, urefu wake kama milimita moja, vikikimbilia kujificha. Hao ni thripsi wa vitunguu. Hukwaruza jani na kufyonza maji yake. Ile rangi ya fedha ni ngozi ya jani iliyobaki tupu, na vile vidoa vyeusi, samahani kama uko mezani, ni kinyesi chao. Lakini ukikuta vipele vya rangi ya chungwa vinavyoacha unga kidoleni, huo ni ugonjwa wa kutu. Hapo dawa ya wadudu utaipiga mpaka Krismasi na haitasaidia kitu.

Ukiuliza intaneti utaambiwa ufunike liki kwa neti kuzuia nondo. Nondo huyo ni taabu ya wakulima wa Ulaya, na matundu ya neti yake thripsi anapita bila hodi.

Sasa sikiliza kwa nini nakuzuia kukimbilia chupa. Thripsi hutaga mayai ndani ya jani lenyewe, na wakikaribia kukomaa hushuka kwenye udongo. Dawa ya kugusa inawapata wale walio nje tu. Kukiwa na joto, wiki mbili tatu baadaye kizazi kipya kiko juu. Isitoshe, katika nchi nyingi thripsi hawa wameshazoea dawa za jamii ya pairethroidi, ilhali wadudu wanaowala thripsi hao hawajazizoea, wanakufa wao kwanza. Halafu fikiria liki inavyoliwa: pale pale majani yanapokumbatiana, ambapo mdudu anajificha na dawa inatuama, ndipo unapokata ukatie supu. Wenye mashamba makubwa ya Timau na Nanyuki mboga zao hupimwa mabaki ya dawa kabla hazijauzwa Ulaya. Sufuria yako haipimwi na mtu.

Basi anza na maji. Thripsi anachukia mvua, ndiyo maana wenzako wa Othaya hawalalamiki sana. Chukua mpira, elekeza maji kwa nguvu katikati ya majani, asubuhi ili yakauke mchana. Yakilala na maji utaitia liki ukungu. Rudia kila baada ya siku chache. Kisha tandaza nyasi kavu kati ya mistari: udongo unabaki na unyevu, na thripsi hapendi mazingira hayo. Mmea wenye kiu ndio unaoumia zaidi.

Wakizidi, kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita moja ya maji, upige jioni, ujaribu kwenye mmea mmoja kwanza. Sabuni ya unga weka kando, inaunguza. Dawa ya mwarobaini nayo inafaa, ila mti wake haupendi baridi yetu, kwa hiyo ya kwako itatoka dukani. Pareto ya asili pia inafaa, zao ambalo Kenya iliwahi kuongoza nalo duniani, ila jua huimaliza upesi, nayo ni ya jioni. Ukinunua chochote, tafuta nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, kwenye kibandiko na usome siku za kungoja kabla ya kuvuna. Chupa isiyo na kibandiko, hata uuziwe kwa bei ya kutupa, mwachie mwenyewe.

Msimu ujao usipande liki penye vitunguu vya zamani wala pembeni yake. Pandikiza mvua za Oktoba zikianza. Kiangazi kikifika ziwe zimenenepa.

Umeuliza kama zilizoharibika zinalika. Zinalika. Kata majani ya juu, pasua shina kwa urefu, osha kila tabaka, utie kwenye viazi. Ila yale majani usimmwagie ng'ombe rundo zima. Jamii ya vitunguu ikizidi tumboni humletea upungufu wa damu, na maziwa yatanuka kitunguu mpaka wateja wako wakuulize. Chimba shimo mbali na bustani, uyafukie.