Tarumbeta ya Siku Hizi

Maandiko: Mathayo 6:1-4, Marko 12:41-44

Juma hili naanza kwa kuungama, maana somo hili lilinipiga mimi kwanza.

Mwaka jana, wiki ile bonasi ya chai ilipoingia, jirani yetu alilazwa na bili ikapanda. Tulifungua grupu ya WhatsApp, nami nikafanywa mweka hazina. Si mnajua vile huwa: mtu akituma M-Pesa, jina lake na kiasi vinaandikwa, halafu orodha inatumwa tena kwa wote. Mimi nikayapanga majina kuanzia aliyetoa nyingi hadi aliyetoa kidogo. Nilidhani nawatia watu moyo.

Mama mmoja anayechuma chai kwa mashamba ya watu alituma shilingi 50. Jina lake likawa la mwisho. Mtu akaweka kile kikatuni cha kucheka. Kabla ya jioni yule mama alikuwa ametoka kwa grupu, na Jumapili hakuja kanisani. Nami nilikuwa nimeona kicheko kile nikanyamaza.

Tujifunze mambo matatu.

1. Yesu hakukataza kutoa, alikataza tarumbeta. Kwake, mfuasi kutoa ni jambo la kawaida. Swali lake ni hili: unatoa ili nani akuone? Anayetafuta sifa za watu akizipata, amekwisha kulipwa. Siku hizi hatupigi tarumbeta barabarani, lakini orodha yangu ilikuwa tarumbeta.

2. Bwana hutazama kilichobaki. Aliketi kuelekea sanduku la hazina, akaona matajiri wakitia nyingi na mjane akitia sarafu mbili ndogo. Akasema mjane ametoa kuwapita wote, kwa sababu hakubakiwa na kitu. Mwenye bonasi ya shilingi 100,000 akitoa 2,000, anabaki na 98,000. Baadaye nilijua kwamba siku ile mvua ya mawe ilikuwa imepiga majani, na yule mama, anayelipwa kwa kilo, hakuwa amechuma hata kilo moja. Ile 50 ndiyo iliyokuwa kwa simu yake.

3. Upendo hulinda heshima. Wazee wetu Wakipsigis walikuwa na desturi ya kumkabidhi jirani ng'ombe amkamue. Watoto wakanywa maziwa, na baba yao akabaki na heshima yake. Paulo anatuonya katika 1 Wakorintho 13:3 kwamba hata tukigawa mali yote bila upendo, hatufaidiki kitu.

Mtu atauliza: bila orodha, pesa si zitaliwa? Ni swali la haki. Katika 2 Wakorintho 8:20-21 Paulo mwenyewe alikuwa mwangalifu sana na mchango, asije akalaumiwa. Basi watu wawili waweke rekodi, kila mtu ajibiwe kwa simu yake kwamba mchango umefika, jumla itangazwe, na risiti ya hospitali ionyeshwe kwa wote. Huo ni uwazi. Kupanga ndugu kwa kiasi cha mfuko wao ni kitu kingine.

Tena, wenye mashamba, kabla hatujachangia mbali, tumlipe mchumaji kilo zake zote. Yakobo 5:4 inasema mshahara uliozuiwa unapiga kelele, na Bwana anasikia. Sadaka haiwezi kuufunika.

Nilimwendea yule mama, nikamwambia, "Mama, nimekukosea, nisamehe." Akanipikia chai. Akasema, "Mzee, mimi sikutoa kwa sababu ya orodha. Nilitoa kwa sababu yule jirani alinibebea maji nilipojifungua." Baada ya wiki tatu alirudi ibadani. Kwa grupu hajarudi, na sijamlazimisha.

Ya kufanya wiki hii: msaidie mtu mmoja bila kumwambia yeyote, hata mchungaji.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:
- Je, kuna mtu aliyeacha kuja kwa sababu hana cha kutoa? Nani atamtembelea?
- Kama jina langu lisingesomwa, ningetoa kiasi kile kile?

Ombi: Baba, uonaye sirini, utusamehe tulipowaaibisha wadogo wako. Tufundishe kutoa kwa upendo. Katika jina la Yesu, Amina.