Pampu Moja, Vyumba Vitatu: Kila Kimoja na Koki Yake

Somo letu safari hii ni la ufundi. Tutaeleza jinsi nyumba ya magurudumu inavyosukuma vyumba vyake nje, na jinsi mwenye nyumba anavyoweza kufungua chumba kimoja bila kugusa vingine.

Huenda mtu wa Soni au Mlalo atauliza: haya yananihusu nini mimi mlima kabichi? Swali hilo ni zuri. Nguvu inayosukuma vyumba hivyo ndiyo ile ile inayoinua tipa la mchanga pale Mombo. Ndiyo inayokunja mkono wa kijiko, lile katapila lenye ndoo, linapokuja kuzoa udongo ulioporomokea barabara ya Mombo hadi Lushoto wakati wa masika. Vijana wetu wanajifunza udereva na umakanika kwenye mashine hizo, na nguvu hiyo inaweza kumkata mtu mkono au kumwua. Basi tusome pamoja.

Kwanza tuijue nyumba yenyewe. Huko Marekani watu wengi husafiri na nyumba zao. Nyingine ni gari zima kama basi, nyingine ni tela la kukokotwa. Ndani mna kitanda, jiko, choo na meza. Nyingi hutengenezwa katika jimbo la Indiana, hasa Elkhart na miji ya jirani. Kwetu Lushoto watalii wanaokuja kutazama bonde kutoka Irente huja zaidi na magari madogo au hema juu ya paa, na kwa kona zile za kupanda kutoka Mombo hatushangai.

Sheria ya barabara kuu za Marekani inataka gari lisizidi upana wa mita 2 na sentimita 59 hivi. Upana huo ni finyu kwa nyumba. Mafundi wakafikiri, wakatengeneza chumba kinachoingia na kutoka ubavuni kama mtoto wa meza. Gari likiwa safarini chumba kimeingia ndani. Likisimama kambini kinasukumwa nje na nyumba inapanuka. Vyumba hivi vilienea kuanzia miaka ya 1990. Nyumba moja yaweza kuwa navyo viwili, vitatu au zaidi. Sisi tutaviita vyumba vya droo.

Vyumba vingine vya droo husukumwa na mota ya umeme. Kila chumba kina mota yake na swichi yake, kwa hiyo hapo hakuna ugomvi. Vingine husukumwa kwa mafuta, yaani haidroliki, na mara nyingi pampu ni moja tu kwa vyumba vyote. Katika nyumba nyingi za namna hiyo swichi nayo ni moja. Ukiibonyeza, vyumba vyote vinatoka. Ukibonyeza upande wa pili, vyote vinarudi. Huo ndio mkasa wetu.

Kabla ya kwenda mbele, tuelewe mafuta yanafanyaje kazi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya 1623 na 1662, ndiye aliyeeleza vizuri kwamba ukikandamiza kitu cha majimaji kilichofungiwa, shinikizo linakwenda kila upande sawasawa. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hataza ya mashine ya kukandamizia iliyotumia kanuni hiyo. Tufanye hesabu. Chukua pistoni ndogo yenye uso wa sentimita 1 ya mraba, uiunganishe kwa mpira uliojaa mafuta na pistoni kubwa yenye uso wa sentimita 20 za mraba. Ukikandamiza ndogo kwa uzito wa kilo 5, kubwa itainua kilo 100. Lakini hakuna cha bure. Ili kubwa ipande sentimita 1, ndogo lazima iteremke sentimita 20. Ndiyo maana jeki ya gari unaipampu mpaka jasho linakutoka, na gari linapanda kidogo kidogo.

Sasa tuweke pampu moja na pistoni tatu. Moja ya chumba cha jikoni, kizito, kina jokofu na kabati la vyombo. Moja ya chumba cha kitanda. Ya tatu ni ya kijichumba chepesi chenye kochi tu. Bonyeza swichi. Je, vitatoka pamoja? Hapana. Kile chepesi kitatangulia, kisha cha kitanda, na jikoni mwisho.

Watu wa milimani hawana haja ya kuambiwa sana sababu yake. Sote tunajua bomba la maji ya mserereko. Bomba linatoka kwenye chemchemi, linapita nyumba za juu, linashuka mpaka bondeni. Wa bondeni wakifungua bomba lao kwa nguvu, la juu linakohoa hewa tu. Maji hayana upendeleo, yanafuata penye urahisi. Mafuta nayo ni hivyo hivyo. Yanakwenda kwenye pistoni yenye mzigo mwepesi hadi ifike mwisho wake, ndipo yanageukia iliyo nzito. Na dawa ya wazee kwenye mifereji ya kumwagilia tunaijua: kila shamba lina mlango wake wa maji, unazibwa kwa udongo na majani, unafunguliwa zamu ikifika. Dawa ya vyumba vya droo ni hiyo hiyo. Kila chumba kiwe na koki kwenye njia yake ya mafuta.

Mbona mtu ahangaike kufungua kimoja kimoja? Sababu zipo. Pengine kambini kuna mti upande wa kulia, chumba cha kulia kikitoka kitaugonga. Pengine amesimama njiani apike chai tu, anahitaji jiko, kitanda hakihitaji. Pengine betri imechoka na haiwezi kusukuma vyote. Na sababu kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni hii: chumba kimoja kikiharibika, kisivifunge vingine. Mpira wa chumba cha kochi ukipasuka na koki hakuna, pampu itamwaga mafuta chini na jikoni hapatasogea. Ikiwapo koki, unafunga njia ile mbovu, vilivyobaki unavirudisha ndani kwa pampu.

Koki ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya mkono, yenye mpini. Mpini ukilala sambamba na bomba njia iko wazi, ukikingama njia imefungwa. Ya pili hufunguliwa kwa umeme. Ndani yake mna sumaku inayovuta kijiti pale unapobonyeza swichi, na kijiti kikivutwa mafuta yanapita. Hii ya umeme inakupa swichi ya kila chumba, lakini inataka nyaya na fyuzi zake, na fundi anayejua umeme. Ya mkono ni rahisi zaidi, ingawa lazima uiname ukaitafute ilipofichwa.

Hapa tunatoa onyo. Koki ya bomba la maji haifai kabisa kwa kazi hii. Shinikizo la mafuta ya haidroliki ni kubwa mara nyingi kuliko la maji ya bombani, nayo koki ya maji itapasuka. Tumia koki na mipira iliyoandikwa kiasi cha shinikizo inachostahimili, na kiasi hicho kisiwe chini ya kile cha pampu. Maandishi hayo yako kwenye koki au mpira wenyewe. Yasome! Muuza spea akikwambia “hii inaingia tu”, mjibu kwamba kuingia si kustahimili.

Utaratibu wa kutumia ni kama ifuatavyo. Gari lisimame mahali tambarare. Angalia nje kama kuna mti, ukuta au mtu, kisha ndani kama kuna kiti au mtoto kwenye njia ya chumba. Funga koki za vyumba usivyotaka vitoke, acha wazi ya kile unachotaka. Bonyeza swichi na usiiachie mpaka chumba kifike mwisho. Sauti ya pampu itabadilika, itakuwa nzito, hapo achia. Usiendelee kubonyeza huku koki zote zimefungwa. Pampu ina njia ya kupunguzia nguvu, ni kweli, lakini mafuta yatachemka na mota itaumia.

Chumba ambacho koki yake imefungwa kitakaa pale pale, maana mafuta yaliyonaswa ndani ya silinda hayakubali kubanwa. Jambo hili lina faida na lina hatari. Hatari ni siku ya kuondoka. Ukisahau koki moja imefungwa, ukabonyeza swichi ya kurudisha, vyumba viwili vitaingia na cha tatu kitabaki kimechomoza ubavuni. Dereva asiyezunguka gari lake atakwenda nacho hivyo hivyo barabarani. Kwa hiyo zunguka, hesabu vyumba kwa macho, ndipo uwashe injini.

Na hapa ndipo kalamu inapofaa. Andika jina la kila koki kwenye kipande cha bati ukifunge hapo hapo: JIKO, KITANDA, KOCHI. Aliyesoma kisomo hana sababu ya kukariri koki kwa kubahatisha, na atakayemwachia kazi kesho naye atasoma.

Kuhusu kupima mafuta, pima vyumba vyote vikiwa ndani. Vikiwa nje mafuta mengi yamo ndani ya silinda, tenki litaonekana limepungua. Ukiongeza wakati huo, siku ya kurudisha vyumba tenki litafurika.

Sasa tuteremke Mombo, tukatazame mashine zetu. Kijiko kina mikono mingi: mkono mkubwa, mkono mdogo, ndoo, na kiuno kinachozunguka. Mafuta yanatoka kwenye pampu chache, lakini kila mkono una njia yake na mwendo wake kwenye wenzo alioshika dereva. Hapo kila kimoja kinaongozwa peke yake tangu kiwandani. Hata hivyo vijiko vyote havina mpangilio mmoja. Wenzo unaoinua mkono mkubwa kwenye mashine moja, kwenye nyingine unakunja mkono mdogo. Ndiyo sababu dereva aliyezoea moja anapopanda nyingine hujaribu kwanza mahali pasipo na watu. Ninyi mnaosimama karibu kutazama kijiko kikizoa udongo, sogeeni mbali. Watoto ndio wasisogee kabisa.

Tipa lina pistoni moja au mbili, na koki yake iko chini ya mkono wa dereva. Kitanda cha tipa kikiwa juu, kinashikiliwa na mafuta tu. Mpira ukipasuka, au utingo akigusa wenzo kwa bahati mbaya, kitanda kinashuka. Asiingie mtu chini yake kupaka grisi au kutafuta uvujaji kabla kitanda hakijawa kitupu na kuwekewa ule mhimili wa chuma uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Gogo la mkaratusi si mhimili. Jiwe si mhimili.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote, na ni la kila mashine ya mafuta, iwe nyumba ya Mmarekani, trekta au tipa. Mpira wenye tundu dogo kama la sindano unatoa mafuta kwa nguvu kiasi cha kupenya ngozi. Wengi hupapasa mpira kwa kiganja kutafuta panapovuja. Usifanye hivyo! Zima mashine. Kama ni lazima kutafuta tundu, tumia kipande cha boksi au ubao, mkono na uso viwe mbali.

Mtu akipenywa, ataona kidonda kidogo kama cha mwiba. Mwanzoni pengine hasikii maumivu makali. Atacheka na kuendelea na kazi. Huku ndani mafuta yanatambaa katikati ya nyama na kuiua, na kwa saa chache tu kidole au mkono unaweza kuharibika hata ukatwe. Usikande, usipake dawa ya kienyeji, usingoje kesho. Mpelekeni hospitali saa ile ile, maana hutibiwa kwa upasuaji. Na mwandikieni kwenye karatasi aende nayo mkononi: MAFUTA YA HAIDROLIKI YAMEPENYA NGOZI, SAA FULANI. Bila maneno hayo, anayempokea ataona kitundu tu na huenda atampa plasta.

Maswali ya kikundi. Pistoni ndogo ina uso wa sentimita 2 za mraba, kubwa ina sentimita 30. Ukikandamiza ndogo kwa kilo 10, kubwa itainua kilo ngapi? Na ili ipande sentimita 4, ndogo iteremke sentimita ngapi? Vyumba vitatu vina pampu moja na koki zote ziko wazi: kipi kitarudi mwisho, na kwa nini? Kisha mtu mmoja wenu asimame aeleze, kwa Kiswahili au kwa Kisambaa, atakachomwambia utingo anayetaka kuziba mpira unaovuja kwa kidole gumba.