Diski Isiyotulia: Uchunguzi wa Maandishi ya Mara kwa Mara katika Mfumo wa Faili

Utangulizi

Tarakilishi ambayo haijaguswa kwa muda hutarajiwa kutulia. Hata hivyo, diski yake yaweza kusikika ikitoa mlio mdogo, au taa yake ikaonekana ikimeta, kila baada ya sekunde chache kwa saa nyingi. Wengi hushuku virusi au diski inayokaribia kuharibika. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mara nyingi chanzo ni cha kawaida, na kwamba tiba inayotolewa kabla ya uchunguzi yaweza kudhuru kuliko ugonjwa wenyewe. Mfano unaotumika ni mfumo wa faili wa ext4, uliotangazwa kuwa thabiti katika Linux toleo la 2.6.28 la Desemba 2008 na ambao ungali unatumika sana.

Daftari na Karani Wake

Mfumo wa ext4 hutenga sehemu ya diski iwe daftari. Mabadiliko ya taarifa za faili, kama vile jina, ukubwa na mahali ilipo, huandikwa kwanza katika daftari hilo kabla ya kuandikwa mahali pake pa kudumu. Umeme ukikatika ghafla, mfumo hulisoma daftari, hukamilisha yaliyorekodiwa kikamilifu na kuyapuuza yaliyoachwa nusu. Kazi hii hufanywa na sehemu ya kiini cha Linux iitwayo jbd2, ambayo kwa kawaida hukusanya mabadiliko na kuyaandika kila sekunde 5.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapoona jina la jbd2, huihukumu. Ilhali jbd2 ni karani tu: pasipo na mabadiliko, haina la kuandika. Swali la msingi basi ni hili: nani anayemletea karani kazi?

Hatua za Uchunguzi

1. Kupima muda. Mapigo ya kila sekunde 5 huelekeza kwenye daftari. Data ya kawaida yaweza kusubiri katika kumbukumbu kwa takriban sekunde 30 kabla ya kupelekwa diskini.

2. Kutumia programu ya iotop kwa mamlaka ya msimamizi. Chaguo la -o huonyesha tu programu zinazosoma au kuandika, na -a hujumlisha kiasi chake tangu uchunguzi uanze.

3. Iwapo jbd2 pekee ndiyo inayojitokeza, kutumia fatrace, ambayo hutaja programu pamoja na faili inayoguswa. Matokeo yake yasihifadhiwe katika diski inayochunguzwa, la sivyo uchunguzi wenyewe utazua maandishi mapya.

4. Kuifunga programu inayoshukiwa na kutazama kama mapigo yatakoma.

Washukiwa wa Kawaida

Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi mhusika ni programu iliyofunguliwa na mtumiaji mwenyewe. Kivinjari cha Firefox, kwa mfano, huhifadhi hali ya kurasa zilizofunguliwa kila sekunde 15 hivi iwapo zimebadilika. Programu yenye hitilafu nayo yaweza kurudia ujumbe uleule wa kosa katika faili za kumbukumbu zilizomo ndani ya /var/log.

Kusoma pia huweza kuzaa kuandika, kwa kuwa mfumo hurekodi saa ambayo faili ilisomwa. Tangu toleo la 2.6.30 la Juni 2009, Linux kwa kawaida huisahihisha saa hiyo pale tu faili ilipobadilishwa baada ya kusomwa, au saa 24 zinapopita. Chaguo la noatime huondoa maandishi hayo kabisa.

Mshukiwa mwingine hujitokeza katika diski iliyoandaliwa karibuni. Ili kuharakisha maandalizi, kazi ya kusafisha majedwali ya taarifa za faili huachiwa ext4lazyinit, inayoiendeleza polepole chinichini. Ikikamilika, hukoma yenyewe.

Tiba na Tahadhari

Tiba bora ni kurekebisha programu inayozua maandishi. Kuliondoa daftari hunyamazisha karani, lakini umeme ukikatika mfumo wa faili waweza kubaki umevurugika. Kurefusha muda kwa chaguo la commit, tuseme hadi sekunde 60, hupunguza mapigo. Hata hivyo, kazi ya dakika nzima yaweza kupotea, isipokuwa ile ambayo programu imeagiza iandikwe papo hapo. Kwa mwanafunzi anayeandika tasnifu mahali ambapo umeme hukatika, utulivu huo una gharama.

Iwapo mlio unaendelea ilhali hakuna programu inayosoma wala kuandika, faili muhimu zinakiliwe kwingine kwanza, kisha afya ya diski ikaguliwe kwa smartctl.

Hitimisho

Imebainika kwamba jina linaloonekana kwanza si lazima liwe la mhusika. Mchunguzi apime muda, afuatilie faili hadi kwa programu iliyoigusa, kisha ndipo abadilishe mipangilio. Daftari linaloandikwa kila sekunde 5 ndilo litakalookoa faili siku umeme utakapokatika.