SOMO: SUMAKU INAVYOPIMA MAJI NA MAFUTA NDANI YA MBEGU

Mizani ya chama husema uzito tu. Haisemi ndani ya gunia mna maji kiasi gani wala mafuta kiasi gani. Tuchukue mfano wa alizeti. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 14 zina kilo 86 tu za mbegu kavu. Zikianikwa hadi asilimia 9, hubaki kilo 94 na nusu. Basi chama kilicholipia kilo 100 kimenunua kilo 5 na nusu za maji, na hasara hiyo humwangukia hata mwanachama aliyeanika vyema.

Ipo njia ya kupima bila kusaga mbegu. Msingi wake ulitangazwa mwaka 1946 na Felix Bloch na Edward Purcell wa Marekani, kila mmoja na wenzake, nao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1952. Maji na mafuta yote yana haidrojeni. Viini vya haidrojeni vikiwekwa kati ya sumaku na kupigwa mawimbi ya redio, huitika. Maji yaliyoshikamana na mbegu kavu hunyamaza upesi. Mafuta huitika kwa muda mrefu zaidi. Mtambo husikiliza mara mbili, mwanzo na baadaye kidogo, kisha hutenganisha hesabu ya kila kimoja. Mbegu hubaki nzima na yaweza kupandwa. Kwa hiyo watafiti huitumia njia hii kuchagua mbegu zenye mafuta mengi.

Njia hii imo katika kiwango cha kimataifa ISO 10565, kwa mbegu zenye unyevu chini ya asilimia 10. Mbegu ikiwa mbichi, maji yake huru hukawia kunyamaza, yakadhaniwa kuwa mafuta. Ni lazima ikaushwe kwanza.

Mtambo huu ni wa maabara na viwanda, si wa ghala la chama. Lakini sampuli hutoka ghalani, na sampuli mbaya haiponywi na mtambo wowote. Kwa hiyo:

1. Chota kutoka magunia mengi: juu, katikati na chini, kisha changanya.
2. Tia katika chombo kisichopitisha hewa, unyevu usibadilike.
3. Gawa sehemu mbili, zifungwe mbele ya muuzaji na mnunuzi. Moja ibaki chamani.

Swali la kujadili: Je, chama chetu kikiambiwa mbegu zake hazina mafuta, kina sampuli ya kujitetea?