Ukame na Mifereji ya Mlima Meru

Mvua za vuli za mwaka 2021 zilipokuwa haba katika Kaskazini ya Tanzania, ng'ombe wengi walikufa Longido, Monduli na Simanjiro, kama ilivyotokea mwaka 2009. Habari za mizoga huenea upesi. Lakini uko ukame mwingine usiovuma sana, nao huwapata wakulima wa tambarare chini ya Mlima Meru: mto hukauka kwao hali huko juu mboga zingali zikimwagiliwa.

Yafaa tujue maji haya yatoka wapi. Pepo za Bahari ya Hindi hugonga mlima huu, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500, zikaacha mvua nyingi upande wa kusini na mashariki; Oldonyo Sambu, ulio nyuma ya mlima, hupata kidogo tu. Mvua ya msituni hunywewa na udongo wa volkano, kisha hutoka katika chemchemi zinazolisha mito ya Themi, Nduruma na Usa hata wakati wa kiangazi. Mito hiyo huingia Kikuletwa, nao hufika bwawa la Nyumba ya Mungu.

Wameru na Waarusha walichimba mifereji tangu zamani. Kila mfereji ulikuwa na wazee wake na zamu zake, na mtu asiyefika siku ya kuuzibua alitozwa faini. Siku hizo maji yalikuwa ya migomba, baadaye na kahawa. Leo nyanya, kabichi na vitunguu hulimwa kiangazi kwa ajili ya soko la Arusha. Kilimo hicho chalipa karo za watoto, wala hatukilaumu. Ila chataka maji mengi katika miezi ile ile ambayo mto una machache. Tena mfereji wa udongo huvujisha sehemu kubwa njiani, maji yasimfae wa juu wala wa chini. Huko Mbuguni mahindi hunyauka.

Mtu atauliza: mbona watu wa chini wasichimbe visima? Hapa ndipo penye shida ya pekee ya Meru. Maji mengi ya volkano hii yana madini ya floraidi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Watu wa Maji ya Chai na Engare Nanyuki waijua dalili yake: meno ya kahawia, na wengine mifupa iliyopinda tangu utotoni. Huko Ngurdoto wataalamu huyasafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ifaayo kwa ndoo ya kunywa, si kwa shamba.

Basi mto hauna mbadala. Sheria ya maji ya mwaka 2009 yatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha uhai wa mto wenyewe, ndipo kilimo. Na kuchepusha maji kwahitaji kibali cha Bonde la Pangani. Sheria ni njema, lakini kibali hakilindi lango la mfereji usiku. Kazi hiyo ni ya jumuiya za watumia maji, na twaona jumuiya ya watu wa juu peke yao haitoshi. Zamu za kiangazi zipangwe mwezi wa Mei, mito ingali imejaa, wazee wa Mbuguni wakiwapo malango yanapopimwa.