Wanandoa Wanapofiwa na Mtoto

Leo tuzungumze juu ya msalaba ambao nyumba nyingi huubeba kimya kimya: kufiwa na mtoto mchanga.

Miaka kadhaa iliyopita, bwana na bibi wa jumuiya yetu ndogo ya Kikristo walimpoteza mtoto wao wa kwanza siku mbili baada ya kuzaliwa, kabla hajabatizwa. Tulikwenda, tukasali, tukaacha unga na sukari. Nilipokuwa nikiaga nilimwambia yule mama, "Usilie, wewe bado kijana, Mungu atakupa mwingine." Akaniuliza, "Katekista, na huyu yuko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilichukua baiskeli yangu nikaenda.

Nilikosa mara mbili. Kwanza, mtoto si kikombe, kwamba kikivunjika kinanunuliwa kingine. Pili, nilikuwa sijasoma vizuri mafundisho ya Kanisa. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1261, yafundisha kwamba Kanisa huwakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, na kwamba tunaweza kutumaini kuwa iko njia ya wokovu kwao. Tena kanuni ya 1183 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yampa Askofu uwezo wa kuruhusu mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza azikwe kwa ibada ya Kanisa. Nilirudi kumweleza mama huyo baada ya miezi minne. Nilichelewa mno.

Wakati huo ndoa yao ilikuwa imeanza kupoa. Bwana alikuwa amerudi kazini siku ya nne, na mkewe akaamini kwamba hana uchungu. Kumbe alikuwa akilia alfajiri zizini akikamua, ili mkewe asimwone. Sisi wanajumuiya ndio tuliomfundisha hivyo. Mama tulimkumbatia, baba tulimpa mkono tu na kumwambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume."

Waliowasaidia ni mzee mmoja na mkewe, waliokuwa wakipita kwao kila Jumapili jioni kunywa chai. Hawakuhubiri. Jioni moja mzee alimtaja kwa jina mtoto wake mwenyewe aliyemzika zamani, akafuta machozi. Yule kijana naye akalia mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza. Tangu hapo walianza kuomboleza pamoja.

Rafiki za Yobu waliketi naye chini siku saba bila neno. Makosa yao yalianza walipofungua midomo kutafuta sababu. Na Bwana wetu, ingawa alijua kwamba atamfufua Lazaro, alilia kwanza pamoja na dada zake.

Basi, tukiwatembelea waliofiwa:

1. Tuketi na kusikiliza. "Pole sana" yatosha.
2. Tusiseme "ni mapenzi ya Mungu" ili kuwanyamazisha.
3. Mtoto akiwa na jina, tulitaje.
4. Baba naye aulizwe, "Wewe unaendeleaje?"
5. Turudi baada ya matanga, watu wanapokuwa wameondoka na nyumba imebaki kimya. Tuwaombee nia ya Misa mwaka unapotimia.
6. Mmoja akikosa usingizi na chakula kwa majuma mengi, au akisema heri afe, tumsindikize kwa Padre na hospitalini pia. Si ukosefu wa imani.

Nanyi wanandoa, kumbukeni kwamba watu wawili hawalii namna moja. Anayenyamaza huenda ndiye anayeumia zaidi. Usimhukumu mwenzako, muulize.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika jumuiya:
– Je, kuna huzuni ambayo hatujawahi kuizungumza sisi wawili?
– Ni nani katika jumuiya yetu alifiwa mwaka uliopita, nasi hatujarudi kwake?

Mkimpata huyo wa pili, msingoje mkutano ujao. Nendeni jioni hii.